Maswali ya Wasomaji: Kusoma Umri wa Mkanda wa Bunduki

Barua nyingi za safari hii zinahusu mikanda ya kubebea bunduki za kijeshi za zamani, ya ngozi na ya pamba. Waandishi wengi wameambatisha picha moja tu, ya mhuri. Ombi letu kwa watakaoandika baadaye: tumeni pia picha za mishono, za upande wa nyuma, za ncha zote mbili, na za kila kipande cha chuma au shaba. Mhuri ndio sehemu rahisi kuliko zote kuiga, kwa hiyo ndio wa mwisho kuaminiwa.

Nimenunua mkanda wa ngozi wa Kimarekani wa vipande viwili, wenye mhuri BOYT 43. Kulabu na pete zake ni za njano. Muuzaji anasema ni wa Vita vya Pili vya Dunia na haujabadilishwa chochote. Nitahakikishaje?

BOYT ni jina la mtengenezaji, na muundo huo unaitwa M1907. Una mkanda mrefu unaokaa upande wa mbele wa bunduki, mkanda mfupi unaoshikana na pete ya kitakoni, pete pana ya kuunganisha mikanda hiyo miwili, kulabu mbili zenye meno mawili kila moja, na vitanzi viwili vya ngozi vya kubana kila kitu pamoja. Matundu yake hukaa mawilimawili, kwa kufuata meno ya kulabu. Upana ni inchi 1¼, yaani takriban milimita 32. Kabla ya hatua nyingine yoyote, upime.

Kinachotutia shaka ni hizo sehemu za njano. Mikanda ya enzi za Vita vya Kwanza, kama ile yenye mhuri RIA wa karakana ya Rock Island pamoja na mwaka na herufi za mkaguzi, au G&K wa kampuni ya Graton & Knight, ilikuwa na vyuma vya shaba ya manjano. Katika Vita vya Pili shaba ilihitajika kwa maganda ya risasi, na kuanzia mwishoni mwa 1942 viwanda vikahamia kwenye chuma cha rangi nyeusi au ya kijivu. Mkanda wa 1943 unatarajiwa uwe na chuma. Shaba juu ya mkanda wa mwaka huo haithibitishi udanganyifu, maana maghala ya jeshi yalitengeneza mikanda kwa kuchanganya vipande, na askari naye alibadilisha kilichokatika kwa alichokipata. Lakini basi dai la "haujabadilishwa chochote" limeanguka.

Chukua sumaku. Shaba haivutwi na sumaku. Ikiwa kulabu ni ya njano na sumaku inaganda, hicho ni chuma kilichopakwa rangi au kufunikwa na shaba kwa juu, na hapo uko mbele ya mkanda wa kuiga. Mikanda ya muundo huu haijawahi kuacha kutengenezwa, kwa sababu walengaji shabaha wanaupenda hadi leo. Na "BOYT 42" na "BOYT 43" ni kati ya mihuri inayopigwa sana kwenye ngozi mpya.

Kisha kagua ngozi yenyewe. Tazama ukingo uliokatwa, mahali ambapo rangi ya juu haikufika. Ngozi ya zamani ya mikanda hii ilidabaghiwa kwa magome ya miti, na ndani yake ni ya kahawia au ya manjano iliyokoza. Ukiona utando wa kijivu au wa samawati katikati ya unene, hiyo imedabaghiwa kwa kromiamu, na haitarajiwi kwenye M1907 halisi.

Baada ya hapo tafuta uchakavu ulio mahali pake. Mkanda uliobebwa kweli huchakaa pale unapopinda kwenye pete za bunduki, hunyooka na kuwa mwembamba pale kulabu zinapovuta, na matundu mawili au matatu huwa yamerefuka kuliko mengine kwa sababu askari alirudia kipimo kilekile. Fungua mikunjo na usogeze vitanzi: chini yake rangi inapaswa kuwa tofauti, aghalabu nyepesi zaidi na yenye uso mzima. Mkanda uliozeeshwa makusudi una weusi uleule kila mahali, hata chini ya vitanzi, na mikwaruzo yake inaelekea upande mmoja kama iliyopigwa msasa.

Mhuri uje mwisho. Utazame kwa kioo cha kukuza huku tochi ikimulika kutoka pembeni, karibu sambamba na uso wa ngozi. Nyufa za uzee zikipita juu ya herufi na kuzikata, herufi zilitangulia nyufa. Herufi zikizikata nyufa, mhuri uligongwa juu ya ngozi iliyokwisha kuzeeka. Hilo la pili halina maelezo mazuri.

Je, nyuzi za mshono zinaweza kutaja umri? Nimesikia habari za taa ya urujuanimno.

Zinaweza, mradi usizidai zaidi ya uwezo wake. Mikanda ya vita vyote viwili ilishonwa kwa uzi wa pamba au wa kitani uliopakwa nta. Nailoni ilitangazwa mwaka 1938, na wakati wa vita sehemu kubwa ilienda kwenye miavuli ya kurukia kutoka ndegeni. Uzi wa poliesta haukuwa bidhaa ya kawaida hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo uzi wa poliesta katika mkanda wa "1918" unaonyesha ama mkanda mpya ama mshono uliorudiwa. Tofauti kati ya hayo mawili utaiona kwenye matundu ya sindano: mshono uliorudiwa huacha matundu ya zamani yasiyotumika au yaliyotanuka.

Kwa jaribio la moto, ng'oa unyuzi mmoja kutoka ncha iliyokwisha kufumuka, usiguse mshono mzima. Ushike kwa kibano mbali na mkanda. Pamba na kitani huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Taa ya urujuanimno huonyesha viangazi, yaani kemikali zinazofanya vitambaa na sabuni za kisasa vionekane vyeupe zaidi. Uzi ukiwaka weupe wa samawati gizani, una viangazi. Tahadhari mbili. Mkanda wa pamba wa zamani uliofuliwa hata mara moja kwa sabuni ya unga ya siku hizi utawaka ingawa ni halisi. Na kuna waigaji wanaochagua nyuzi zisizo na viangazi. Ndiyo maana mulika ndani ya mshono na chini ya mikunjo, ambako sabuni haifiki kirahisi. Sehemu hizo zikiwaka kwa nguvu sawa na za nje, kuwa na shaka.

Mkanda wangu ni wa pamba iliyofumwa, wa kijani, una ncha za shaba na hauna bizimu. Kwenye ncha moja kuna mshale ndani ya herufi C. Mwaka siuoni. Ni wa Uingereza?

Ni wa muundo wa Kiingereza, lakini umetengenezwa Kanada au kwa ajili ya jeshi la Kanada. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na nchi zilizokuwa chini ya taji ziliuongezea herufi zao. Mshale ndani ya C ni Kanada. Ndani ya U ni Muungano wa Afrika Kusini. Kati ya D mbili ni Australia, kati ya N na Z ni New Zealand, na pamoja na I ni India. Mshale peke yake ni Uingereza yenyewe. Ukiona mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha, kifaa kiliondolewa jeshini na kuuzwa rasmi. Wengi huichukua alama hiyo kuwa dosari, kumbe ni sehemu halali ya historia yake.

Mkanda huu wa pamba unatokana na muundo wa 1901, upana wake ni inchi 1¼, na ulitumika kwenye bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield kwa vizazi viwili bila kubadilika sana. Kwa sababu hiyo umbo lake halitoi mwaka. Mwaka hutoka kwenye maandishi. Angalia sehemu mbili: uso wa shaba ya ncha zote mbili, na pamba yenyewe inchi chache kutoka kwenye shaba, ambapo viwanda vingine vilipiga mhuri wa wino. Herufi M.E.Co. ni za Mills Equipment Company.

Rangi isikusumbue. Askari wa Kiingereza na wa himaya walipaka vifaa vyao vya pamba unga wa Blanco uliolowekwa, na kivuli kilichoitwa KG 3 kilienea sana wakati wa Vita vya Pili. Chini ya kijani hicho pamba inaweza kuwa ya kaki. Huenda mwaka unaoutafuta umefunikwa na Blanco. Usiuoshe! Tabaka hilo ni ushahidi wa matumizi, na likishatoka halirudi. Mulika kwa tochi ya pembeni, piga picha, kisha ongeza tofauti ya mwanga na giza kwenye picha hiyo. Mara nyingi tarakimu zilizogongwa kwenye shaba hujitokeza. Za wino ni ngumu zaidi, lakini jaribu kupiga picha upande wa nyuma wa pamba, maana wino wakati mwingine ulipenya.

Mkanda wa pamba wa kijani wenye bizimu ya chuma una maandishi yaliyofifia: DSA 100-68-C kisha namba. Ina maana ulitengenezwa mwaka 1968?

Karibu. DSA ni wakala wa ugavi wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ulioanza kazi mapema miaka ya 1960 na kubadilishwa jina kuwa DLA mwaka 1977. Hapo tayari una dirisha: maandishi ya DSA hayatangulii miaka ya 1960, na DLA haitangulii 1977. Tarakimu 68 zinataja mwaka wa fedha wa mkataba. Wakati ule mwaka wa fedha wa Marekani ulianza tarehe 1 Julai, hivyo mwaka wa fedha 1968 ulianza Julai 1967 na kumalizika Juni 1968. Mkataba ungeweza kutiwa saini mwishoni mwa 1967, na mikanda ikaendelea kushonwa hadi 1969. Andika kwenye kumbukumbu zako "mkataba wa mwaka wa fedha 1968", nawe utakuwa umesema kweli yote.

Kuna namba ya pili yenye msaada: namba ya ghala. Ikiwa na tarakimu 11, ni ya mfumo uliotumika hadi 1974. Ikiwa na 13, ni ya mfumo uliofuata. Mkanda wenye tarakimu 13 hauwezi kuwa ulisafiri na askari aliyerudi kutoka Vietnam mwaka 1970, hata kama muuzaji ana hadithi tamu.

Kwa mikanda ya aina hii isiyo na maandishi, ambayo ilianza kutolewa wakati wa Vita vya Pili kama mbadala wa ngozi, rangi husaidia kwa kiasi. Ya mwanzo ni ya kaki iliyoelekea kijani hafifu. Kuanzia 1943 hivi kijani kilichokoza kilichukua nafasi. Nailoni ni dalili ya miaka ya 1960 na kuendelea. Jua na kufuliwa hupausha pamba, kwa hiyo linganisha rangi iliyo chini ya bizimu wala si ya katikati ya mkanda.

Mkanda mwembamba, upana wa inchi moja, una kifungo cha kubonyeza. Nimeshindwa kuufunga kwenye bunduki yoyote. Una kasoro?

Hauna kasoro. Ni wa karabini, yaani bunduki fupi, ya Kimarekani M1. Kwenye kitako cha bunduki hiyo kuna uwazi uliopita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mkanda huzungushwa ndani ya uwazi huo, na kichupa cha mafuta ya bunduki huingizwa kama kigingi cha kuuzuia usichomoke. Bila kichupa hicho hautashika.

Mkanda wa Kijerumani, ngozi nyeusi, una namba ndefu yenye mikwaju, ikianza na 0/. Nimeambiwa ni wa 1939.

Aliyekuambia amekosea. Watengenezaji wa Kijerumani kwanza waligonga jina, mji na mwaka. Kuanzia mwaka 1940 na 1941 majina yalifichwa kwa misimbo ya herufi tatu, aghalabu pamoja na tarakimu mbili za mwaka. Namba unayoitaja ni namba ya kiwanda ya Reich, na hiyo ni ya miaka ya mwisho ya vita. Mara nyingi haina mwaka pembeni yake, na hakuna njia ya halali ya kuubuni. Ukiona namba hiyo pamoja na mwaka 1939 kwenye mkanda mmoja, mmoja wa mihuri hiyo ni wa uongo.

Jihadhari pia na mikanda ya Yugoslavia ya baada ya vita. Bunduki yao ya M48 ilifuata muundo wa Mauser, na mkanda wake wa ngozi unafanana vya kutosha na wa K98k, bunduki ya Kijerumani ya Vita vya Pili, kiasi cha kuuzwa kama wa Kijerumani, wakati mwingine ukiwa umeongezewa mhuri wa tai. Hapa jaribio la nyufa na herufi tulilolieleza juu linafaa sana.

Nina mkanda wa turubai wa Kirusi wenye vipande viwili vidogo vya ngozi vyenye bizimu. Ni wa wakati wa vita?

Vile vipande vidogo hupita kwenye matundu ya ubao wa bunduki ya Mosin-Nagant, na mkanda wenyewe hufungwa kwavyo. Muundo huo ulitumika kabla ya vita, wakati wa vita na baada yake. Mikanda mingi iliyofika sokoni ilitoka kwenye maghala ya Kisovieti ambako bunduki zilitengenezwa upya baada ya 1945 na kupewa vifaa vilivyokuwapo. Mkanda msafi, usio na mhuri, wenye pamba ngumu isiyotumika, uchukulie kuwa wa baada ya vita mpaka kitu kingine kithibitishe vinginevyo.

Kwenye mkanda wa Kijapani, namba 16 ina maana gani?

Ikiwa imetanguliwa na alama ya enzi ya Showa, jumlisha 1925: 16 inakuwa 1941. Kwa enzi ya Taisho jumlisha 1911. Namba isiyo na alama ya enzi inaweza kuwa ya mkaguzi au ya kundi, usiibadilishe kuwa mwaka. Kwa mikanda isiyo na tarehe, angalia kitu kilichotumika: ngozi nzuri ilipopungua, Wajapani walitumia turubai lililopakwa mpira, na hiyo ni dalili ya miaka ya mwisho ya vita. Mpira huo sasa umekauka, kwa hiyo usiukunjue kwa nguvu. Utapasuka pale pale kwenye mkunjo.

Mkanda wangu wa 1918 una uchafu wa kijani kuzunguka kulabu, na ngozi inaacha unga mwekundu mikononi. Nipake mafuta gani?

Usipake mafuta yoyote. Hili tunalisisitiza kuliko yote tuliyojibu hapa, kwa sababu mikanda mingi mizuri inaharibiwa na wenye nia njema.

Uchafu wa kijani unatokana na shaba kukutana na mafuta yaliyo ndani ya ngozi. Vitu hivyo viwili hutengeneza aina ya sabuni ya shaba, laini kama nta. Ukiongeza mafuta unauongezea chakula. Uondoe kwa kijiti cha meno cha mbao au cha mwanzi, kisha kitambaa kikavu cha pamba. Usitumie sindano wala msasa, na usitumie dawa za kung'arishia shaba: hupenya ngozi, huacha chaki nyeupe kwenye mshono, na hufuta mihuri hafifu. Uchafu huo utarudi baada ya miezi kadhaa. Uondoe tena vivyo hivyo.

Unga mwekundu ni jambo zito zaidi. Ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti hufyonza gesi za salfa kutoka hewani, asidi hujengeka ndani, na nyuzi za ngozi huvunjika moja moja. Hali hiyo hairudi nyuma. Mafuta hayaunganishi nyuzi zilizovunjika. Yanafanya mkanda uwe mweusi, yanalainisha nyuzi za mshono hadi zioze, na yanauongezea uzito ambao ngozi dhaifu haiwezi kuubeba. Maji ni mabaya zaidi, kwani ngozi ya namna hiyo ikilowa huwa nyeusi na ngumu kwa dakika chache. Wahifadhi wa makumbusho hutumia Klucel G, aina ya gundi ya selulosi, iliyoyeyushwa kwenye alkoholi ili kuushika unga usiendelee kumwagika. Ukitaka kujaribu, anza na sehemu isiyoonekana, tabaka jembamba, usubiri ikauke kabisa ndipo uamue. Kwa mkanda wenye mhuri wa maana, mpelekee mhifadhi wa ngozi.

Mkanda usiendelee kukaa kwenye bunduki. Chumvi na asidi za ngozi hula chuma cha bunduki, na kutu ya chuma hicho huchoma ngozi. Uvue, uulaze tambarare au uukunje kwa mviringo mpana, na uweke karatasi isiyo na asidi kati ya ngozi na kila kipande cha shaba au chuma. Mifuko ya plastiki ya PVC haifai. Hutoa kemikali zinazonata. Unyevunyevu wa asilimia 45 hadi 55 unafaa. Ukipita 65 kwa muda mrefu ukungu huanza, na ukishuka sana ngozi hukatika.

Kabla ya kuuhifadhi, upige picha kila mhuri kwa mwanga wa pembeni na uandike vipimo, sumaku ilivyojibu, na aina ya uzi. Ngozi ya 1918 inaendelea kudhoofika, na mhuri unaosomeka leo huenda usisomeke baada ya miaka michache.